Sisimizi wa Fundi Saa

Fundi saa wa baraza yetu hakuvaa saa. Ukimwuliza saa ngapi, alitazama kivuli cha nguzo kilipofika sakafuni, akakujibu, na huku mbele yake, ndani ya kisanduku cha kioo, saa za watu zinatembea kila moja na wakati wake. Tulikaa naye baraza moja pale Mlandege, mjini Iringa, mimi na cherehani yangu, yeye na kimeza chake, miaka mingi kiasi kwamba wateja wageni walidhani ni mume wangu, na mimi niliwajibu vibaya. Mtu huyu asiyevaa saa ndiye waliyetaka kumpeleka Mbeya, mikono imefungwa nyuma, kwa tuhuma za kutega bomu la saa chini ya daraja la reli. Mpaka leo nikisikia honi ya treni, nasimamisha cherehani.

Kwao sikuwahi kupajua sawasawa. Alisema tu "kule chini", akanyoosha mkono upande wa magharibi, na mkono huo ungeweza kuwa unaonyesha Tukuyu au mwisho wa dunia. Alikuwa mfupi, mabega yameinama kwa kazi, jicho la kulia dogo kuliko la kushoto kwa sababu ya kile kioo cha kukuzia alichokibana pale tangu asubuhi mpaka jioni. Alivaa koti la kaki, jua liwake, mvua inyeshe. Upepo wa Iringa ulikuwa adui yake mkubwa. Ukianza kuvuma, aliinamia kimeza chake kama kuku anayeatamia, vigurudumu vyake visije vikapeperuka, na hapo hakuna mtu wa kumsemesha mpaka upepo upite.

Alikuwa na hasira za karibu. Mteja akimwambia aharakishe, alimrudishia saa yake ikiwa vipande vipande kwenye karatasi, akamwambia akaiharakishe mwenyewe. Hakuweza kushika saa, wala kikombe, wala kitu chochote, bila kukikwaruza alama. Alikuwa na alama yake, kijistari chenye pembe mbili, aliyoiweka ndani ya mfuniko wa kila saa aliyoifungua, ili ikirudi imeharibiwa na fundi mwingine ajue wa kumtukana. Mpini wa mwavuli wake ulikuwa na alama hiyo. Siku moja niliikuta kwenye mkasi wangu, tukagombana.

Na alikuwa mwongo. Nasema hivi kwa upendo, lakini ndiyo hali halisi. "Njoo kesho," aliwaambia watu wote, mwalimu, askari, sista wa misheni, na saa ya mtu imekwisha kutengenezwa tangu juzi, imo kwenye droo inatembea vizuri. Nilimwuliza kwa nini anawasumbua watu.

"Nikimpa leo, atadhani kazi ilikuwa rahisi," akanijibu bila kuinua kichwa.

Uongo wake ulikuwa umenyooka kama mshono wa mashine, na mimi niliyeketi karibu naye niliuzoea kiasi kwamba alipoanza kunieleza habari za wadudu wake sikuamini hata neno moja.

Wadudu hao walianza na saa ya mchungaji wa ng'ombe. Alikuwa mmoja wa wale waliohama kutoka kaskazini na mifugo yao wakashuka bonde la Usangu, mtu mrefu, mpole, anayezungumza taratibu. Saa yake ilikuwa imesimama. Fundi aliifungua, akainama, akafuta kioo chake, akainama tena.

"Jirani, njoo uone," akaniita.

"Nione nini?"

"Sisimizi asiye sisimizi."

"Nina gauni la harusi hapa, Fundi. Sina muda wa sisimizi."

Akamtoa yule mdudu kwa kibano, akamlaza juu ya karatasi nyeupe. Kisha akamwuliza yule mchungaji, na hakuuliza habari za saa. Alimwuliza alipita wapi.

"Mi nilivusha ng'ombe kwenye mto, pale kwenye daraja la treni," mchungaji akasema. "Saa nikavua, nikaweka kwenye mchanga. Kwani imekufa?"

Saa ilitengenezwa siku ile ile na akapewa siku ile ile. Baraza zima tulitazamana. Hakukuwa na "njoo kesho", na hapo ndipo nilipojua kuwa jambo limeingia kwenye kichwa cha mtu huyu na halitatoka.

Kulikuwa na mwalimu wa shule ya sekondari aliyemletea saa zake, kijana mwenye subira, naye akaja na kitabu kinene. Wakakiinamia wawili barazani jioni nzima. Mwalimu akasema huyo ni mbawakawa, jamaa ya wale wadudu wenye mgongo mgumu, ila wa ukoo mdogo sana, jenasi ambayo hata wengi wanaosomea wadudu hawajawahi kuiona kwa macho. Kitabuni kulikuwa na picha ya ndugu zake wa nchi nyingine. Huyu wa kwetu, mwenye mkanda wa rangi ya mahindi mgongoni, hakuwamo. Mwalimu alikubali wazi kwamba hajui, akamwomba Fundi akipata wengine wazima amletee, wakawaangalie pamoja. Tangu siku hiyo Fundi alitamka neno "jenasi" kama wengine wanavyotamka jina la kabila lao.

Nilisikia habari za mdudu huyo kila nilipokunywa chai. Kwamba sisimizi hutembea na wenzake kwenye foleni yao, na huyu anatembea peke yake katikati yao. Kwamba shingo yake nyembamba kama yao, haraka yake kama yao. Kwamba juu ya shingo ana pembe moja imechomoza mbele, ndogo kuliko kitu chochote utakachotaja.

"Na mgongoni ana mstari, Jirani. Kama mshono. Wako ukifunguka, nguo imeharibika. Wake ukifunguka, anaruka."

"Anajifanya sisimizi ili iweje?"

"Asiliwe. Sisimizi wakali, ndege wengi hawawataki."

"Basi ni mwongo kama wewe."

Alinuna. Jioni, alipokuwa anafunga kisanduku chake, ndipo akasema, "Yeye hajasema chochote. Ni nyinyi mnaomwangalia haraka."

Alinibembeleza nikae kwenye kioo chake nimtazame yule mmoja wa kwanza, aliyekuwa amekwisha kukauka. Sikukaa. Leo kulikuwa na gauni, kesho sare za shule, na mimi pia sikutaka kumpa raha hiyo.

Watu walimjua kwa ujasiri na kwa woga, vyote viwili. Aliogopa nyoka, aliogopa daktari, aliogopa kupanda ngazi. Lakini alishinda kwenye kingo za Ruaha Ndogo Jumapili nzima akitambaa kwa magoti, wapita njia wakimcheka. Aliwanasa wadudu wake kwa namna aliyofundishwa na yule mwalimu. Kuna yule mdudu wa maua ya maharage, mwekundu na mweusi, ambaye ukimponda juu ya ngozi unatoka malengelenge. Fundi alimweka mmoja aliyekufa ndani ya kiberiti kilichotobolewa, akakilaza mchangani, na harufu yake iliwavuta wale wadogo. Pale Ruaha Ndogo walikuja wengine, hakuja mwenye mkanda. Akaanza kuniuliza habari za mdogo wangu aliyeolewa Usangu, kijiji chenyewe kiko umbali gani na daraja.

Hapo nilishtuka. Miaka ile hakuna aliyekuwa hajui habari za reli mpya. Mikutanoni tuliambiwa, redioni tuliambiwa, kwamba adui wa kusini anaitazama reli ile kwa jicho baya na anatuma watu wenye sura kama zetu. Kila daraja lilikuwa na mgambo wake. Mtu akionekana amesimama hapo bila sababu, aliulizwa, na kama jibu lake halikueleweka, aliulizwa tena kwa namna nyingine.

"Fundi, pale darajani panalindwa," nikamwambia.

"Mimi siendi darajani. Naenda chini ya daraja."

"Unasikia unavyosema?"

"Mchanga wao uko pale, Jirani. Ningeupata Mlandege nisingepanda basi."

Nikaona kama anakwenda kwa vyovyote, afadhali alale kwa watu ninaowajua. Nikampa salamu kwa mdogo wangu na kwa shemeji, ambaye alikuwa balozi wa nyumba kumi na mtu wa heshima zake. Fundi alibeba kopo la vigurudumu na springi, kwa kuwa hakuweza kulala mahali bila kopo hilo, akabeba kibano, kioo, viberiti vyake, na kijembe kipya cha kupalilia, cha kukwangulia mchanga. Mpini wa kijembe alikuwa amekwisha kuukwaruza alama yake kabla basi halijaondoka.

Habari nililetewa na dereva wa lori la mbao aliyekuwa anarudi kutoka Mbeya. Alisimama barabarani, akapaza sauti dirishani.

"Mama wa cherehani ni wewe? Mdogo wako kasema uje. Fundi wenu kashikwa chini ya daraja na bomu. Na shemeji yako kaitwa ofisini."

Gauni la watu nililiacha kwenye cherehani, sindano imechoma kitambaa. Nilipanda basi la kwanza. Tukapita Mafinga, baridi na ukungu wa misonobari, abiria wamejifunika mablanketi, na mimi natoka jasho. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni, bomu gani, mtu huyu hawezi kumaliza hata kubadilisha kioo cha saa kwa siku moja. Lakini bomu la saa, nilijisemea tena, likitaka fundi, si fundi saa? Hapo nikaacha kufikiri, nikatazama nje.

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja cha bati, watu wamejaa mlangoni na madirishani. Ndani walikaa Mwenyekiti na wazee wa kamati, na kamanda wa mgambo, kijana mwenye kifua kipana, amesimama. Juu ya meza walikuwa wamepanga vitu vyake: kopo la vigurudumu, springi, kibano, kioo, viberiti, kile kijembe, na saa ya mezani yenye kengele, imefunguliwa mgongo, matumbo nje. Saa ile ilikuwa ya shemeji. Fundi alikuwa ameahidi kuitengeneza, akaenda nayo kivulini mtoni aifanyie kazi huku akiwasubiri wadudu wake. Wakamkuta chini ya daraja, amejikunja, ana saa iliyofunguliwa mikononi.

Yeye alikaa sakafuni, kamba ya katani mikononi, mdomo umevimba. Aliponiona hakunisalimia.

"Jirani, waambie wasitikise kiberiti," akasema. "Wako wazima."

Kamanda akanionyesha vidole vyake. Viwili vilikuwa na malengelenge makubwa yaliyojaa maji.

"Ona hii vidole, mama. Nilifungua kiberiti yake moja tu, nikabonyeza kitu ndani. Usiku mzima inawaka. Huyu ana bomu na ana sumu. Sumu ya kutia mtoni, watu wanywe."

"Ni mdudu wa maharage," Fundi akasema kutoka sakafuni. "Nilikukataza usimponde."

"Nyamaza! Na hiyo kiberiti ingine ina nini?"

"Nimekwambia. Mbawakawa."

Kamanda akachukua kile kiberiti kingine, akakimwaga juu ya meza. Vidudu vidogo vikatawanyika mbio mbio juu ya mbao. Watu wote tukanyoosha shingo.

"Sisimizi," mzee mmoja akasema.

"Sisimizi kabisa," wengine wakaitikia.

"Si sisimizi! Chukueni kioo muangalie!"

Kamanda hakukigusa kioo. Baada ya vidole vile, hakuwa tayari kuweka jicho lake kwenye kitu cha mtu huyu, na kusema haki sikumlaumu. Akamgeukia Mwenyekiti. "Ndugu Mwenyekiti, mtu mzima, akili timamu, anapanda basi toka Iringa anakuja kufuata sisimizi. Mimi nimemaliza."

Mwenyekiti alikuwa mzee mpole, anafuta uso kwa leso. Alisema gari limeombwa tangu jana na liko njiani kutoka Mbeya, na litawachukua wote wawili, aliyekamatwa na aliyempa malazi. Nikamtazama shemeji. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mikono katikati ya magoti, uso umekuwa wa majivu. Nyumba yake ilikuwa imepekuliwa, mahindi ya vihenge yamemwagwa uani, watoto wamelia mpaka wamelala. Mdogo wangu alisimama dirishani na mtoto mgongoni, ananitazama mimi kana kwamba nimekuja na dawa.

Niliomba nimpe mfungwa maji. Shemeji akainuka, akanong'ona nilipompita, "Shemeji, mwambie aseme alikuwa anatafuta dhahabu. Watu wa Makongolosi wanachekecha mchanga kila mto. Watamwelewa."

Nikapiga magoti, nikamshikia Fundi kikombe mdomoni, nikamweleza.

"Siwezi," akasema.

"Wewe? Wewe mwenye njoo kesho?"

"Ile ni biashara."

"Fundi, gari linakuja. Ukipanda gari lile hatujui tutakuona wapi tena. Na shemeji ana watoto."

Alimeza maji. Macho yake yalikuwa mekundu, nami niliona anaogopa, anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa nyoka au ngazi. "Nikisema dhahabu, wadudu hawa watakuwa hawapo, Jirani. Walioamini kwamba wapo ni mimi na mwalimu tu."

Nilitaka kumzaba kofi. Hasira ile ndiyo iliyoniinua. Watoto nje walikuwa wamekwisha kupiga kelele kwamba vumbi linaonekana barabarani. Nilisimama nikageuka, na jicho langu likaangukia kijembe pale mezani, kipya, hakijaingia shambani hata siku moja.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba kusema," nikasema. "Nina aibu, lakini nitasema."

"Sema, mama."

"Huyu mwanaume amekuja kunichumbia."

Waliokuwa mlangoni wakasukumana waingie ndani.

"Mimi ni mjane, mnaweza kumwuliza mdogo wangu. Baba hayupo. Mwanaume wa kupokea jembe langu ni shemeji huyu hapa. Jembe hilo si la kufukia bomu. Jembe jipya mnalijua ni la nini."

Walijua. Wahehe, Wabena, Wasangu waliokuwamo mle, hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kwetu mwanaume akitaka mke, jembe hutangulia. Likipokelewa likakaa, mazungumzo yanaendelea. Likirudishwa, amekataliwa, na hakuna ugomvi. Niliona wazee wanatazamana, na mmoja wao, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufi, akatikisa kichwa.

"Mchumba anakuja mwenyewe? Mshenga yuko wapi?"

"Hana ndugu huku, mzee. Na mtazame umri wake. Alikwenda kujificha chini ya daraja kutafuta ujasiri."

Mtu mmoja dirishani akacheka. Kicheko kile nilikishika kama kamba.

"Na hii saa?" Kamanda akauliza. Yeye hakucheka.

"Saa ni yangu," shemeji akasema kutoka kwenye benchi. "Ilikuwa haiiti. Nilimpa mimi atengeneze."

Mwenyekiti akafikiri. Gari lilikuwa linasikika sasa. "Kama ni saa," akasema, "na iite."

Wakamfungua mikono. Kamanda akawatoa watu nje, na wengi walikuwa wamekwisha kutoka wenyewe. Tulibaki Mwenyekiti, mimi, Fundi, na shemeji aliyekataa kuinuka kwenye benchi. Fundi alivuta stuli, akabana kioo chake kwenye jicho. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, springi ikamtoka ikaruka sakafuni, na Mwenyekiti akaruka nayo. Niliiokota mimi. Wadudu bado walikuwa wanapita pita juu ya meza, naye alikuwa anawaondoa kwa ncha ya kibano, mmoja mmoja, taratibu, asiwaumize, na nje gari limezima injini. Nikasikia mlango wa Landrova unafungwa. Fundi akakaza skrubu ya mwisho, akatia ufunguo, akazungusha mshale.

Saa ikaita. Ikaita kwa kelele za kijinga, ikitembea yenyewe juu ya meza, na kule nje mtu mmoja akapiga yowe, halafu watu wote wakaanza kucheka, vicheko vya watu waliokuwa wameogopa sana.

Mwenyekiti hakucheka. Aliweka kiganja juu ya kengele ikanyamaza, akamwuliza Fundi, "Nakuuliza wewe sasa. Jembe hili ulilileta kwa ajili ya mama huyu?"

Nilijua atasema hapana. Namjua. Alitazama mezani. Mdudu mmoja alikuwa amefika ukingoni, na nilimwona Fundi anamwangalia mpaka alipoingia kwenye ufa wa mbao. Kisha akanitazama mimi.

"Jembe ni langu," akasema. "Nimelileta mimi."

Mwenyekiti akatoka nje kuwaeleza waliokuja na gari. Walicheka, wakanywa maji, wakatugombeza wote, wakaondoka. Kamanda alibaki anatazama vidole vyake. Lakini kabla watu hawajatawanyika, mzee wa kofia ya sufi alichukua kijembe kwa mikono miwili, akamkabidhi shemeji mbele ya kila mtu, kwa sababu jambo likishatamkwa barazani haliachwi njiani. Shemeji alikipokea. Wanawake wakapiga vigelegele, na mimi nikasimama pale nikipigiwa vigelegele kwa uongo wangu mwenyewe.

Katika basi la kurudi Fundi hakunishukuru. Tulikuwa tumepita Makambako ndipo aliposema, "Umewafanya wawe hawapo."

"Wewe upo," nikamjibu.

Habari zilitutangulia Mlandege. Wateja walimwita Fundi "shemeji yetu", wakaniuliza kama jembe limeota. Alivumilia kwa muda, akiwa mkali kuliko zamani, akiwaambia watu njoo kesho kwa sauti ya kufukuza. Mimi nilingoja. Nasema wazi, nilingoja. Kila mzee mgeni aliyepita barazani na fimbo nilidhani ndiye mshenga, nikatengeneza kanga yangu. Nilikuwa nimesema uongo mbele ya kijiji kizima na kumbe nilikuwa nautamani. Mavuno yakapita. Siku moja nikamkuta anafunga kisanduku chake cha kioo kwa kamba. Alisema anahamia Mbeya, kuna kazi zaidi. Aliniachia stuli yake, akaondoka, na kwa uchungu ile stuli nilimpa muuza karanga.

Nilimwona Fundi tena miaka kadhaa baadaye, nilipokwenda Mbeya kumwuguza shangazi yangu wa Mwanjelwa. Nilikuwa natafuta uzi sokoni. Nikasikia sauti inasema, "Njoo kesho," na mteja analalamika, nami nikajua kabla sijageuka. Nywele zimekuwa nyeupe. Koti lile lile, au mdogo wake.

"Jirani," akasema.

"Fundi."

Alinipa kiti. Tukaulizana hali, tukaulizana mvua. Na ukutani nyuma ya kichwa chake, juu ya kalenda, kilining'inia kijembe. Nilikitazama mara moja nikageuza uso, kisha nikakitazama tena. Mpini ulikuwa na kijistari chenye pembe mbili.

"Hicho kijembe kimefikaje hapa?"

"Kilirudishwa," akasema.

"Na nani?"

Akakitoa kioo jichoni. "Nilituma mtu kwa shemeji yako. Mzee mmoja wa kwenu, nilimtafuta mwenyewe. Yale uliyosema pale ofisini, nilitaka yawe kweli. Unanijua, sikuweza kuyaacha yakae vile. Shemeji alimpa jembe arudi nalo. Akasema upande wa mwanamke wamekataa."

"Mimi sikuulizwa."

"Nilidhani ni wewe."

Nilikaa pale na uzi wangu mkononi. Moyoni nilimwona shemeji kwenye benchi lile, mikono katikati ya magoti, mahindi yake yamemwagwa uani. Aliogopa. Hakutaka jina la mtu huyu lirudi tena mlangoni kwake, na miaka yote hiyo tulisalimiana, tukala naye sikukuu, hakunitamkia neno. Najua kwa nini alifanya vile, na siku ile nilimchukia. Nililia kidogo, mbele za watu sokoni, na Fundi akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Alichokitoa kwenye droo kilikuwa kiberiti. Akakifungua taratibu, akamtoa mdudu mzima juu ya karatasi nyeupe, akaweka kioo chake cha kukuzia kando, akasogeza kimeza upande wangu.

"Leo una gauni la mtu?" akauliza.

Sikuwa na gauni la mtu. Nikabana kile kioo kwenye jicho langu, kinanuka mafuta ya saa, nikainama. Kwanza nikaona ukungu, halafu miguu, halafu akawa mzima mbele yangu, mkubwa kama kidole. Shingo nyembamba. Pembe ile, imechomoza mbele. Mkanda wa rangi ya mahindi, na katikati ya mgongo, kutoka juu mpaka chini, mshono ulionyooka kuliko wowote niliowahi kuushona. Akasimama, mshono ukafunguka, akaruka.

"Si sisimizi," nikasema.

Fundi alikuwa anafuta macho kwa pindo la koti, akisema vumbi la Mbeya ni baya.

Kwa desturi jembe hupokelewa na ndugu wa mwanamke. Lakini ndugu walikwisha kuulizwa wakajibu, na mimi nilikuwa mtu mzima. Nikapanda juu ya kiti, nikakitoa kijembe msumarini, nikakifunga ndani ya kanga yangu pamoja na uzi. Alinitazama tu, mdomo wazi.

"Nipo kwa shangazi, Mwanjelwa, nyuma ya kisima," nikamwambia. "Njoo kesho. Na safari hii uje na mshenga."

Akaniuliza saa ngapi.